Maziwa ya Koko Ndani ya Bato

Enzi zetu, mtoto wa milimani akipanda bato, mashua ya ziwani, alikuwa na dawa moja tu ya kichefuchefu, nayo ni kufokewa. Mwalimu alimfokea asitapike. Mwenye bato alimfokea akatapike upande wa pili, ambako upepo haurudishi kitu. Na akifika nyumbani mama alimfokea kwa sababu shati lililotoka jeupe limerudi na ramani. Baada ya kufokewa mara tatu hivyo, alipona.

Leo mambo ni mengine. Juzi mjukuu wangu Josué, aliyekuwa anajiandaa kushuka Tchomia na kupanda bato hadi Mahagi-Port kwa harusi ya rafiki yake, alimwaga sakoshi yake ya safari juu ya meza yangu hapa Bunia, nikadhani anafungua duka la dawa. Kulikuwa na vidonge vya kumeza kabla ya kupanda na vidonge vya kumeza ukishapanda. Kulikuwa na mkanda wa kubana mkono, peremende, mifuko ya plastiki, na ndani ya simu kulikuwa na kijana mmoja wa ng'ambo anayefundisha watu namna ya kupumua. Kupumua! Sisi tulidhani jambo hilo tulizaliwa tukilijua.

"Muzee," aliniuliza, "weye wakati yenu, mulikuwaka munafanya nini juu ya maji?"

"Tulikuwaka tunatapika."

"Na kisha?"

"Kisha tunatapika tena."

Alicheka, akaanza kukunja suti yake mpya kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Nilimwacha acheke. Lakini usiku wote ule, usingizini, nilikuwa Bule, kijijini kwetu milimani, nikiwa na kaptula, na mdomo wangu ulikuwa na ladha ya maziwa.

Nyinyi mliokulia kule juu mtanielewa. Ziwa tulilijua kwa macho tu. Asubuhi isiyo na ukungu, ukienda na ng'ombe mpaka ukingo ambapo milima inakatika, uliliona chini kabisa, limelala na kung'aa kama bati jipya. Tulilidharau. Tulisema ni dogo, kwamba ng'ombe wa Bule wakishuka wote siku moja na kiu, jioni watu wa Tchomia watatembea kwa miguu kwenda Uganda. Kisha tulirudi kwenye mambo yetu ya maana: kukalia matawi ya mikaratusi na kuteleza mteremko mzima mpaka kaptula inaisha nyuma, kuchoma viazi katika majivu ya samadi, kupiga mpira wa matambara uliolowa umande hadi ukawa mzito kama jiwe. Baridi ya kule ilikuwa baridi kweli. Siku hizi vijana wa Bunia wakiona wingu moja wanavaa koti na kofia, kisha wanajipiga picha.

Na kulikuwa na maziwa. Koko, bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyetulea sana. Alikuwa na vibuyu vyake ambavyo alivifukiza moshi wa majani makavu kabla ya kumimina maziwa, kiasi kwamba ukinywa ulisikia kwanza moshi, halafu utamu, halafu uchachu kidogo nyuma ya ulimi. Sijawahi kupata tena ladha ile. Ng'ombe wake mpendwa aliitwa Bihogo, mwekundu, mwenye doa jeupe kati ya pembe, na nadhani Koko alimpenda kuliko baadhi yetu. Kwa ajili ya Bihogo tulikuwa na mwiko mmoja nyumbani: aliyekunywa maziwa siku ile asiguse samaki. Akivichanganya tumboni, chuchu za ng'ombe zitavimba na badala ya maziwa itatoka damu. Kwa kuwa maziwa tulikunywa kila siku, samaki hatukula kamwe. Hesabu yake ilikuwa rahisi.

Mwaka ninaousema mama yangu hakuwa nyumbani. Tangu kiangazi alikuwa Mahagi-Port kumwuguza dada yake, aliyejifungua vibaya na hakuweza hata kusimama. Habari zilitufikia kwa vinywa vya wasafiri: mama anawasalimu, mama anasema mvae viatu, mama bado. Hilo neno "bado" nililichukia. Basi mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Batisti, aliposimama mbele ya darasa na kravati yake shingoni na kutangaza kwamba tumealikwa kuimba kwenye sikukuu ya kanisa jipya la Mahagi-Port, mimi sikusikia habari ya kanisa. Nilisikia habari ya mama.

Tena katika wimbo ule kulikuwa na ubeti mmoja wa kuimbwa na mtoto mmoja peke yake, juu sana, wengine wakinyamaza. Mwalimu alinipa mimi. Nilijizoeza mbele ya ng'ombe, ambao ni wasikilizaji wazuri kwa sababu hawaachi kutafuna. Nilijua hali itakavyokuwa: watu watakuwa wengi, mama atakuwa nyuma, hataniona, lakini atasikia sauti na kusema, huyu ni wangu. Mwalimu aliongeza onyo moja. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatwa na mvua, kwa hiyo tungepita ziwani. "Atakayeshuka kutoka ndani ya bato akiyumbayumba hataimba. Siwezi kupata haya mbele ya watu wa ziwa."

Nilimpelekea Koko onyo hilo kama lilivyo. Alifikiri, akachukua kibuyu chenye maziwa nusu, akakitikisa karibu na sikio langu. Chwa, chwa, chwa. Akachukua kingine kilichojaa mpaka shingoni, akakitikisa. Kimya.

"Umesikia?" alisema. "Kibuyu yenye kujaa haichezake. Tumbo iko vilevile."

Mpaka leo ninaona hoja ile haina kasoro isipokuwa moja, kwamba si kweli.

Siku ya kuondoka nilijazwa. Kwetu msafiri haachwi atoke hivi hivi, na maziwa ya kuagwa hayakataliwi. Nilikunywa kwa Koko, nikanywa kwa baba mkubwa, nikanywa kwa jirani ambaye kwa kawaida alitufukuza na fimbo. Tena Koko alimpa Mwalimu kibuyu kikubwa cha maziwa ya kuganda kwa ajili ya kwaya nzima, na maelezo yake juu ya vibuyu. Mwalimu, mtu aliyesoma, aliyekuwa anatufundisha sayansi, aliitikia kwa kichwa na kusema ni jambo la akili.

Lori lilitushusha Tchomia masikio yetu yakiwa yameziba kwa mteremko na joto. Harufu ya samaki wanaofukizwa ilitupokea kabla ya watu. Tulibana pua kwa madaha, kama mabalozi. Kesho yake asubuhi, pale kwenye mchanga, mbele ya bato, Mwalimu alitupanga mstari na kikombe kimoja, na kila mmoja akanywa mpaka Mwalimu, akimtegea tumbo sikio, aliposema "kimya!" Wavuvi waliacha kukunja nyavu ili watutazame. Sasa ninajua walikuwa wanaona nini. Walikuwa wanaona watu wanaomwaga petroli kabla ya kuwasha kiberiti.

Bato lilikuwa la mbao, refu, na moteri nyuma inayokohoa moshi. Katikati kulikuwa na magunia ya chumvi, mbuzi, na makapu ya samaki wakavu, na juu ya kapu moja alikaa mama mmoja mnene aliyefunga kitenge mara mbili. Alikuwa Mama Rosali, mchuuzi wa samaki, aliyepita njia ile kila wiki. Sisi wa kwaya, kwa kuwa tulitaka kuwa mbali na makapu yake, tulikwenda kukaa mbele kabisa, kwenye pua ya bato, mahali panaporuka kuliko pote. Wale waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma, karibu na moshi. Hakuna aliyekaa katikati isipokuwa mbuzi.

Mwanzo tuliimba. Pwani ilipokuwa bado karibu, maji yalikuwa laini, na tulijiona mabaharia. Kisha upepo ukatoka upande wa Uganda, na bato likaanza kufanya yale ambayo Koko alifanya na kibuyu cha nusu. Sauti za pili zilinyamaza kwanza. Halafu za tatu. Nilimtazama Mwalimu Batisti ili nipate nguvu, nikaona uso wake umekuwa na rangi ya jivu na mkono wake unatafuta ukingo wa bato. Alikuwa wa kwanza. Aliinamia maji akiwa ameishika kravati yake juu ya bega kwa heshima zote. Akafuata mwingine, na mwingine, na mimi nikafuata, na yote yalikuwa meupe. Kwaya nzima ya Bule, upande mmoja, kama ndama kwenye hori la maji.

Nyuma yetu Mama Rosali alipiga makofi.

"Eeh! Muangalie batoto ya ngombe! Banakamua ndani ya ziwa!"

Bato zima lilicheka, mpaka kijana wa moteri akaacha usukani. "Mama Rosali," alisema mtu, "kesho samaki itakuwa na siagi!"

Nilitaka kufa. Lakini zaidi ya aibu, nilikuwa nalia kwa sababu nilijaribu sauti yangu chinichini, ule ubeti wangu, na haikutoka. Koo lilikuwa limechunwa. Mama Rosali aliona machozi, akaacha kucheka. Alinishika shingo ya shati, akanivuta mpaka katikati, akamsukuma mbuzi, akanikalisha chini, mgongo kwenye gunia la chumvi.

"Hapa ndiyo bato inacheza kidogo. Kwa nini mulikimbia kukaa kule mbele?"

Sikuweza kumwambia ni kwa sababu ya makapu yake.

"Weye unalia nini?"

"Nitaimba mbele ya mama. Sauti imepotea."

"Haijapotea. Iko nyuma ya tumbo, inaogopa. Macho yako unaangalia wapi? Maji? Usiangalie maji. Maji ni mwongo, kila saa inabadilisha neno." Alinigeuza uso kuelekea magharibi. "Unaona nini kule?"

Niliona milima. Ilikuwa imesimama juu ya ziwa, ya buluu, mirefu kuliko nilivyowahi kuijua, kwa sababu sikuwa nimewahi kuiona kutoka chini. Juu yake kulikuwa na moshi wa mashamba.

"Ni kwetu," nilisema.

"Basi angalia kwenu. Mulima haitembeake. Bato ikienda juu, ikienda chini, weye baki na kwenu."

Niliangalia kwetu. Sijui namna ya kueleza, lakini baada ya muda tumbo lilikubali kwamba ulimwengu bado una mahali palipotulia. Hapo Mama Rosali alinipa kipande cha muhogo wa kuchoma, mkavu, na samaki mdogo mwenye chumvi. Muhogo niliuchukua. Samaki nilimtazama kama nyoka.

"Siwezi. Nilikunywa maziwa. Ngombe ya Koko itatoka damu."

Aliyafikiria maneno yangu bila kucheka, kama hakimu wa kijiji. "Maziwa ya asubuhi?"

"Ndiyo."

"Iko wapi sasa?"

Niligeuka kutazama nyuma, kwenye mstari mweupe uliokuwa umepotea zamani.

"Voilà," alisema. "Maziwa yako yote iko mu maji. Tumbo iko wazi. Hauchanganye kitu. Kula pole pole, tafuna mpaka ikuwe chumvi tu."

Hakuna wakili wa Bunia aliyewahi kunitetea vizuri hivyo. Nilikula samaki wa kwanza wa maisha yangu nikiangalia milima ya Bule na kumwomba Bihogo msamaha. Wenzangu waliona, wakaja mmoja mmoja kukaa katikati, na wa mwisho kuja, akitambaa, alikuwa Mwalimu. Mama Rosali alimpa vipande viwili. "Mwalimu," alimwambia kwa adabu, "siku ingine ufundishe kwaya bila kunywesha." Naye akasema, "Ndiyo, Mama," kama sisi tulivyomwambia yeye darasani.

Tulipofika Mahagi-Port ardhi ilikuwa bado inayumba chini ya miguu yetu, na hata Mwalimu alitembea kama mtu aliyetoka kwenye pombe, kwa hiyo lile onyo lake hakulirudia. Tuliimba siku ya pili yake, tukiwa na mashati yaleyale, na kabla ya hapo Mwalimu hakumruhusu mtu kwenda kutafuta ndugu. Zamu yangu ilipofika, wengine wakanyamaza, na ile sauti ya juu niliyoimbia ng'ombe haikuja. Ilitoka nyingine, ya chini, yenye mikwaruzo, ya chumvi. Nilitaka kuacha. Nikaangalia juu ya vichwa vya watu, hadi nje ya mlango uliokuwa wazi, nikaitafuta milima, ikawa pale, na nikaendelea hadi mwisho wa ubeti.

Mama alinikuta nje. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, akaninusa, akarudi nyuma.

"Umekula samaki weye?"

"Maziwa yalikuwa yameshatoka, Mama."

Alicheka mpaka akajipangusa macho na ncha ya kitenge. Kisha akasema kitu ambacho ninakibeba mpaka leo: "Nilisikia sauti, nikasema, huyu mwanaume ni wa nani? Sikujua ni wewe. Nilijua tu kwamba anatoka kwetu."

Bihogo hakutoka damu. Aliendelea na maziwa yake kana kwamba ziwa halipo. Koko alipouliza kama nilitapika, nilisema hapana, kibuyu kilikuwa kimejaa, na akapita kwa majirani wote akieneza hekima yake. Ninafikiria watoto wangapi wa Bule walijazwa maziwa kabla ya kushuka ziwani kwa sababu ya uongo wangu, na ninawaomba radhi popote walipo. Wengi wenu mnaosoma hapa ni haohao.

Lakini hilo ni dogo. Tulipokuwa tunashuka pwani siku ile, Mama Rosali alinishika sikio na kusema: "Siku utapita tena Tchomia, uniletee maziwa ya Koko yako. Mi nasikiaka tu habari ya ngombe ya kule juu, sijaonjaka. Lakini usikunywe mbele ya bato!" Nikasema nitaleta. Nilisema kwa moyo wote. Kisha nikaenda sekondari hapa Bunia, nikajifunza kuona haya, na nilipohadithia safari ile mbele ya wenzangu nilimfanya yeye kichekesho, mama mnene anayenuka moshi, na waliotapika maziwa nikasema walikuwa watoto wengine. Kila likizo nilisema, safari hii nitashuka. Ilikuwa mteremko wa siku moja tu. Halafu kazi, ndoa, watoto. Halafu ikaja ile miaka ya vita ambayo sina haja ya kuwaeleza. Ng'ombe waliondoka, vibuyu vikabaki kwenye nyumba bila mlango, na sisi tukafika mjini na magodoro kichwani, watu wa mlimani na watu wa ziwani katika foleni moja ya maji. Niliulizia foleni nzima. Waliotoka Tchomia walinitajia Mama Rosali watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa yeye.

Basi asubuhi ya safari ya Josué nilikwenda kwa wale mama wanaouza maziwa kando ya barabara, kwenye chupa zilizokuwa za maji. Ndiyo maziwa tuliyo nayo sasa. Hayana moshi. Nilimpa chupa moja akiwa amekwishapanda pikipiki.

"Muzee, hapana. Vidonge inakataza maziwa."

"Si ya kukunywa weye. Mama wa kwanza atakuchekelea ndani ya bato, umupe."

"Na kama hakuna mwenye atacheka?"

"Vaa ile mkanda yako. Watacheka."

Hawa vijana wetu wana kila kitu cha kuzuia tumbo lisicheze. Sisi tulikuwa na kibuyu kimoja na fikra mbovu, lakini tulipoinama tulikuwa na mtu wa kutushika shingo ya shati, na tulipoinua macho tulikuwa na kwetu pa kutazama. Sijui kidonge gani kina hivyo ndani. Nilikaa siku nzima na simu mapajani, kama mtu anayeatamia yai.

Ilipolia, jua lilikuwa linazama.

"Muzee, nilitapika."

"Vidonge je?"

"Nayo nilitapika."

"Suti?"

"Suti iko bien. Mama moja aliifunika na kitenge yake. Alicheka, Muzee, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimupa maziwa."

Nikaibana simu sikioni. "Alisema nini?"

"Alikunywa, akasema: ambia muzee yako, hii iko na maji mingi."

Nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Josué akasubiri nimalize.

"Tena alinigeuza uso," akasema. "Akaniambia niangalie milima. Sikuijuaka mbele. Ni kule kwenu, si ndiyo?"

"Uliiona vizuri?"

"Vizuri sana. Muzee, iko palepale."

Nilimwambia akapumzike, kesho ana harusi. Kisha nikatoka uani, nikasimama nikiwa nimeelekea upande ule, ingawa kutoka mtaa wetu huoni kitu isipokuwa mabati ya majirani, na jioni hiyo yalikuwa yanang'aa kama ziwa.